Tajiri Amenyanyua Gari kwa Vibao vya Mkoko, Nami Ndiye Dereva

Wasomaji wa ukurasa huu, salaam. Jina langu nimeomba lisitoke, maana tajiri wangu naye hununua gazeti hili. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, shule niliishia darasa la tano, kwetu ni Kigoma. Mke na watoto wako huko. Hapa Kibiti nimefuata udereva.

Biashara ilipoachiwa huria, tajiri alinunua pikapu ya mtumba. Tunabeba mpunga na kamba wa baharini kutoka pale mitumbwi ya Maparoni inaposhusha mizigo, na abiria hukaa juu ya magunia. Masika ilipoanza gari likawa linalala topeni kila safari, tukalipeleka kwa fundi wa Bungu alinyanyue. Fundi alisema ziwekwe springi ngumu, na kama uwezo hakuna, basi vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Tajiri akacheka.

"Chuma cha nini? Mkoko unakaa kwenye maji ya chumvi mwaka hadi mwaka hauozi, utashindwa na pikapu?"

Akaleta gogo la mkoko, vikachongwa vibao viwili, gari likapanda.

Na kweli masika yote lilipita. Mama mmoja aliyeshindwa kujifungua tulimfikisha hospitali akiwa hai, watu wakamwombea tajiri dua. Lakini linayumba kwenye kona, usukani mzito, na mgongo wangu umekufa ganzi. Abiria wanapandia kigoda. Bi Mwanaidi, muuza mchele, hakuwa na siku ya kunyamaza: "We Muha, hili gari au dari? Tuletee ngazi!"

Kiangazi kikaja. Mti uliozoea maji ukikauka hunywea na kupasuka. Kila nikisimama nakuta boliti zimelegea, naingia chini nakaza. Nilimweleza tajiri, akasema, "Si ndiyo kazi yako?"

Mwezi uliopita, kwenye mchanga wa Mtawanya, kibao cha kushoto kilipasuka kikachomoka. Gari likalala ubavu, watu na magunia chini. Bi Mwanaidi akavunjika nyonga. Nilimtazama analia, nikangoja nisikie uchungu au hofu. Sikusikia kitu. Nikaanza kuokota magunia.

Nilipokwenda kumjulia hali, nilikaa tu kwenye mkeka. Akaniuliza, "Mbona huongei, mwanangu? Mimi nimevunjika nyonga, wewe umevunjika mdomo?" Binti zake wakacheka. Mimi nikaaga.

Sasa tajiri ameshachonga vibao vingine, mkoko uleule. Nimemwomba tuweke chuma, au tulishushe gari mpaka mvua zirudi. Akanijibu, "Ukiona huwezi, acha ufunguo mezani. Shemeji yangu anajua kuendesha." Huyo shemeji amejifunzia kwenye lami, hajawahi kulala chini ya gari kukaza boliti. Nikawaambia abiria wenyewe wasipande. Wakaniuliza, wapande nini? Gari jingine la kupita njia ile hakuna.

Mke wangu ameniita nyumbani, na kwa upande wangu naweza kuondoka hata kesho, sina cha kufungasha. Ila nikiondoka, watu watapanda na mtu asiyejua kilichoko chini yao. Nikibaki, nitakaza boliti kila nisimamapo, mpaka siku kibao kipasuke tena, usukani ukiwa mikononi mwangu.

Ndugu zangu, mimi nimeshindwa hata kuogopa. Nyinyi ambao bado mnaogopa, niambieni: nibaki na abiria wangu, au niuache ule ufunguo?