Itoka Lilitangulia Hati: Roselyn na Eka Moja ya Kirinyaga

Saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado linasitasita nyuma ya misonobari, Roselyn Muriuki amepiga magoti kando ya kaburi la mtu asiyemjua. Ni mwisho wa Oktoba 1985. Anapanga matawi mabichi juu ya udongo, moja baada ya jingine, ncha zote zikielekea upande mmoja, ili kaburi liwe nadhifu kabla ya theluji.

"Hili ni la thelathini na moja tangu jana," anasema bila kuinua uso. "Hivi karibuni ndugu za marehemu watakuja na mishumaa ya Watakatifu Wote. Wakikuta tawi limelala ovyo, wanapiga simu ofisini."

Roselyn, mwenye umri wa miaka 43, ni mtunza makaburi kusini mwa Stockholm. Kwa miaka tisa amepalilia, amepanda maua na kufagia majani hapa. Kodi ya serikali ikishakatwa, hubaki na krona kama elfu nne kwa mwezi, na pango la nyumba yake ya Rågsved hula zaidi ya robo. Akiba yake yote ina kazi moja, nayo iko Kirinyaga, Kenya: eka moja ya ardhi ambayo ameilipia na kuichinjia mbuzi, lakini bado si yake.

Alikuja Sweden mwaka 1971 kumfuata mumewe aliyekuwa akisomea uhandisi. Ndoa ikavunjika, mume akarudi, yeye akabaki. Nyumbani, marehemu baba yake alikuwa ameshawagawia wana watatu wa kiume shamba lake. Binti hakupewa, kwa sababu alihesabiwa kuwa ana la mumewe.

"Sikumlaumu. Wakati ule nilikuwa na mume kweli," anasema, na kucheka kidogo. "Lakini nikienda likizo nalala kwa kaka yangu. Wananipenda, hata chai naletewa kitandani. Sasa wewe fikiria, ni nani anayeletewa chai kitandani? Ni mgeni."

Mapema mwaka 1984 Mzee Bethuel, jirani wa familia, alikubali kumuuzia eka moja kwa shilingi elfu thelathini. Roselyn alituma fedha, na kaka yake Zachariah akasimamia. Mambo yalifanywa kwa heshima zote. Mapatano yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari, mbuzi akachinjwa, kisha wazee wakatembea mpakani wakipanda itoka, yungiyungi la porini ambalo kwa Wakikuyu hakuna mwenye akili timamu atakayeling'oa. Picha ya siku hiyo ilifika Stockholm, na Roselyn akaibandika kwenye friji.

"Mimi nilidhani nimemaliza," anasema. "Wazee wamekula, maua yamepandwa. Nani angeniambia bado?"

Aliyemwambia ni wakili wa Kerugoya, Julai mwaka huu, Roselyn alipokwenda likizo akiwa na mchoro wa nyumba mkobani. Wakili alifanya upekuzi kwenye masijala ya ardhi, akakuta shamba zima bado liko kwa jina la Mzee Bethuel. Ardhi ya kilimo ikiuzwa Kenya, ombi la kibali hupelekwa kwenye bodi ya ardhi ndani ya miezi sita tangu mapatano. Hakuna aliyelipeleka. Kwa sheria, mauzo yale yalikuwa yamekufa siku nyingi.

"Nilimwonyesha ile picha. Akaitazama vizuri sana, akasema, 'Mama, maua ni mazuri. Sasa tuanze.'"

Kuanza huko kuna hatua zake. Kwanza mkataba mpya wa wakili, ambao ulitiwa saini Septemba, Roselyn akitia yake kwa posta. Sasa bodi, inayokaa mara moja kwa mwezi kwa D.O., afisa wa tarafa, inatakiwa ikubali eka ikatwe na iuzwe. Halafu mpima aweke mawe ya mpaka, ulipwe ushuru wa stempu na ada ya usajili, ndipo hati itoke. Roselyn amekadiria kwamba gharama zote hizo, wakili akiwemo, hazitafika nusu ya nauli yake ya ndege.

Kinachomnyima raha ni afya ya Mzee Bethuel. Mzee hakuomba hata senti ya ziada, ingawa bei imepanda, lakini ana miaka 81 na miguu inavimba. Bodi itataka kumwona yeye mwenyewe, na imuulize kama mkewe na watoto wameridhia. Akiondoka kabla ya hapo, shamba litaingia kwenye kesi ya mirathi, na watoto wako saba.

Zachariah aliandika kupendekeza njia ya mkato: eka iandikwe kwa jina lake, watabadilisha baadaye.

"Ana nia njema, kaka yangu. Na ni rahisi kweli. Ndiyo maana niliogopa," anasema Roselyn. Alimjibu hapana. Wakili pia alimweleza kwamba anaweza kutuma hati ya uwakilishi, mtu mwingine asimame badala yake. Anayo, imegongwa muhuri, iko kwenye droo. "Lakini wakiuliza mnunuzi ni nani, nataka nisimame mimi."

Saa tatu, wakati wa kahawa, mwenzake Proscovia, Mganda aliyekimbia nchi yake, anamtania. "Wewe Roselyn, hawa wafu wetu kila mmoja ana namba, ana ramani, ana karatasi ofisini. Wewe mzima una picha ya mbuzi!"

Wanacheka mpaka msimamizi anageuka. Kisha Proscovia anakizungusha kikombe chake na kusema polepole kwamba nyumba yao ya Masaka hajui nani analala ndani. "Mimi hata picha sina."

Jioni, Rågsved, Roselyn ananionyesha kopo lililo dirishani. Ndani yake kuna itoka. Mama yake alibakiza tunguu moja siku ya mpaka, akalifunga kwenye gazeti na kumpa mwanafunzi aliyekuwa akisafiri kuja Stockholm. Lina majani marefu yaliyoegemea kioo, na halijawahi kutoa ua.

Chini ya kopo kuna barua ya Mzee Bethuel, iliyoandikwa na mjukuu neno kwa neno kama mzee alivyosema: "Mwambieni Roselyn mimi nipo. Ila asikawie."

Likizo imekubaliwa. Ataruka Januari 11, na bodi inakaa Jumanne ya tarehe 21.

"Hili nitarudi nalo," anasema akiligusa jani. "Lakini halitaingia ardhini kabla sijashika hati. Nikishalipanda, nyumba iwepo isiwepo, nitapanga mafiga matatu hapo hapo niteleke chai, nimwite kaka yangu. Aketi tu, asiinuke hata kufuata kikombe. Nitamletea."