Mama Dubai

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomkatia mama simu kwa sababu ya jina la mji huu. Nilikuwa kijana, mlinzi wa lango la jengo moja hapa Dubai, mtaa wa Al Qusais. Kijijini Bungoma walikuwa wameanza kumwita mama yangu Mama Dubai, na harusini anaketishwa mbele. Mimi huku nachomwa jua, kutwa nasikia "yalla, fungua!" Nikaona ananiaibisha.

"Mama, wakanye hao watu. Mimi si tajiri," nikamwambia, nikakata. Tangu hapo akipiga sipokei. Asiyefunzwa na mamaye, jamani!

Sasa, pale kwenye jengo alikuwa akija Bi Zuwena, bibi wa Kizanzibari aliyeolewa zamani huku, akaishi mtaa wa jirani, Al Twar. Akija Ijumaa kumtazama bintiye aliyekaa humo, huniletea vitumbua. Ijumaa moja simu ya mama ikalia mbele yake, nikaigeuza kifudifudi. Akauliza ni nani, nikamweleza yote. Vitumbua vikarudi kikapuni.

"Lahaula! We mtoto, wajua maana ya hilo jina unalolionea haya? Marehemu baba mkwe wangu, mzaliwa wa hapa, akisema ni tunutu, wale watoto wa nzige, walivyojaa hapa zamani. Jirani yake akisema la, ni maji ya hori, huu mkono wa bahari, yalivyokuwa yakinyata kuingia ndani. Wamekufa wakibishana! Wahindi wana yao, Waajemi wana yao, na kwenu hata aliye Doha mwasema yuko Dubai. Kila mtu hulitia akipendacho. Na mamako katia nini? Kakutia wewe! Mpigie, vitumbua vinapoa."

Nikapiga. Mama akapokea upesi: "Umekula?" Hakuuliza lingine. Nililia pale langoni na sare yangu mwilini.

"Bado, Mama Dubai," nikamjibu. Alicheka mpaka akakohoa.

Mwanangu, nakuona nawe siku hizi simu ikilia unaitazama tu. Mkataa kwao mtumwa. Watu wa nyumbani waambie ukweli wa kazi yako, wala usione haya, lakini mama usimnyang'anye jina alilopewa kwa ajili yako. Wangu alishakwenda, na kwenye msalaba wa kaburi lake tuliandika Mama Dubai, maana lile la ubatizo wengi hawakulijua.

Mungu akulinde katika nchi ya watu, akupe riziki ya halali, na wako akuwekee miaka mingi. Haya, inalia tena hiyo. Pokea.