Mdogo Wangu Anataka Nimsemee Marehemu Mama Kwenye Gemu Yake

Admin, habari za kazi. Naomba kisa changu kiwekwe hapa ila jina langu lisionekane kabisa, maana huku Lushoto tunajuana, na mdogo wangu ana marafiki wanaoufuatilia ukurasa huu.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na tatu, nakaa Magamba, nalima karoti na kabichi. Sijaolewa. Tulizaliwa wawili tu. Mdogo wangu nitamwita Neema, ingawa si jina lake. Yeye alisoma mambo ya kompyuta, anafanya kazi Dodoma. Baba alifariki tukiwa wadogo, mama akatulea peke yake mpaka alipopigwa na kiharusi. Nikabaki naye mimi. Miaka mitatu nilimwogesha, nilimlisha uji, nilimgeuza kitandani asipate vidonda.

Kulikuwa na kijana wa Gare aliyenichumbia. Nilimwomba Neema aje akae na mama walau miezi miwili ili nifunge ndoa na kujipanga. Akanijibu, "Vumilia dada, nina mitihani." Baadaye ikawa, "Vumilia, ndiyo kwanza nimeanza kazi." Yule kijana akachoka kusubiri. Jumapili moja nikiwa kanisani nikasikia matangazo ya ndoa yake yakisomwa, na jina la bibi harusi halikuwa langu.

Alhamisi ya wiki ileile, mchana, ukungu ukiwa umeshuka hadi mlangoni, mama aliamka na sauti safi kuliko siku zote. Akaniambia kwa Kishambaa, "Nipigie Neema, nimsikie." Nikachukua simu, nikatoka barazani. Ndugu zangu, sikupiga. Nilisimama pale nimeiweka sikioni, moyo unachemka, nikarudi ndani.

"Mama, hapokei."

"Mpigie tena."

Nikatoka tena. Safari hii mama mdogo, aliyekuwa amekuja kutusaidia, alipita na ndoo ya maji akaiona simu mkononi mwangu, kioo cheusi, haijawashwa. Akaniangalia, akaendelea na ndoo yake. Nikarudi kwa mama. "Hapokei, mama. Labda hataki kusumbuliwa."

Hilo la mwisho niliongeza kwa makusudi, nilitaka limuume. Mama akageuzia uso ukutani. Hakuongea tena. Saa kumi na moja haikufika, akakata roho.

Neema alipokuja msibani alinishika mikono yote miwili. "Dada, mama aliniulizia?" Nilimwangalia nikashindwa kumwambia ukweli. Nikamwambia, "Alisema, 'Msimsumbue Neema, ana kazi nyingi.' Kisha akalala." Neema alilia sana, tena akanishukuru.

Huu ni mwaka wa pili. Mwezi uliopita akanitumia linki, akasema ametengeneza gemu ya simu. Ni fupi, nusu saa unaimaliza. Haina kupigana wala mashindano ya magari. Wewe ni binti unayerudi nyumbani kumzika mama yako. Unaingia chumba hadi chumba, unakunja kanga zake, unaosha kikombe chake, na kila unachokigusa kinakuonyesha siku fulani mlipokuwa pamoja. Chumba cha mwisho, mama yuko kitandani, binti mkubwa amemshika mkono. Mama anasema, "Msimsumbue Neema, ana kazi nyingi." Halafu yanatokea maandishi: "Kwa dada yangu, aliyebaki na mama."

Nilizima simu nikaenda shambani, nikang'oa karoti ambazo hazijakomaa.

Majirani nao walipewa linki ya majaribio, wameicheza. Kina mama kanisani wananikumbatia, wananiita mfano wa kuigwa. Kila wakinisifu natamani ardhi ipasuke.

Jumatano wiki hii Neema akaja likizo. Baada ya chai akaniambia, "Dada, gemu imebakiza sauti tu. Wewe na mama mna sauti moja, kila mtu anasema. Nakuomba umsemee mama. Ni mstari mmoja."

Nilikataa, akabembeleza. Akaweka simu mezani inarekodi. Nikajaribu mara ya kwanza, sauti ikakwama. Mara ya pili, hivyohivyo. Akanipapasa mgongo. "Pole dada. Mimi mwenyewe huwa najiuliza kwa nini hakutaka hata kunisikia. Basi, sema kwa Kishambaa kama alivyosema yeye, labda itakuwa rahisi."

Nikafumba macho nimkumbuke mama. Nilipofungua mdomo, yalitoka maneno yenyewe: "Nipigie Neema, nimsikie."

Neema akaacha kunipapasa. "Dada, hayo umeyatoa wapi?"

"Nimechanganyikiwa tu."

"Umeyasema kama mama kabisa. Alisema hivyo? Lini?"

Nikaondoka kwenda jikoni. Tangu siku hiyo anairudia ile rekodi, naisikia kupitia ukutani, sauti yangu ambayo ni ya mama. Haniulizi tena, ila chakula hali vizuri. Jana alikwenda kwa mama mdogo akamuuliza. Mama mdogo akamjibu, "Muulize dada yako," kisha akaja kwangu mbio. "Funga mdomo wako! Mama yako ameshazikwa, unataka kumzika na mdogo wako? Utabaki na nani?"

Kesho Jumapili, baada ya ibada, Neema ametaka tukae watatu, mimi, yeye na mama mdogo. Jumatatu anarudi Dodoma, na gemu anaitoa kwa watu wote.

Nikisema ukweli, atajua mama alimtaka mpaka mwisho. Lakini atajua pia kwamba mama alikufa akiamini binti yake amekataa kupokea simu, na kwamba aliyemwaminisha hivyo ni mimi. Nikinyamaza, atabaki anaamini mama hakumhitaji, na mimi nitaendelea kuitwa mfano wa kuigwa.

Najua nilichofanya, matusi yenu nayapokea. Ila naombeni na ushauri, hasa ninyi mliokuwa mbali mama alipofariki. Mngekuwa ninyi ndiyo Neema, mngetaka kuambiwa? Ibada inaisha saa nne.