Senta Aliyeitwa Jina la Mtu Aliye Hai

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa filimbi kabla sijaonyeshwa kiti. Ilikuwa Musoma, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, nami nilikuwa msichana aliyetoka kwenye kozi ya maendeleo akiwa na gauni moja zuri na viatu vinavyobana. Afisa Maendeleo wa Wilaya, mzee mwenye sauti nzito na tabia ya kugonga meza, alinitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Bibi Maendeleo mpya?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Shuleni ulicheza netiboli?"

"Nilicheza kidogo."

"Kidogo inatosha. Shika hii. Asubuhi utawafundisha akina mama kushona na lishe. Jioni wacheze. Mama akishacheza jioni, kesho yake anakuja kwenye kisomo mwenyewe bila kufuatwa nyumbani."

Nilidhani ananitania. Wala! Kazi ya Bibi Maendeleo wakati ule ilikuwa hivyo: uji wa watoto, vitambaa vya kufuma, kisomo cha watu wazima, na netiboli. Mengine yote nilifundishwa kwenye kozi. Netiboli nilijifunzia uwanjani, na ndiyo iliyonishika moyo mpaka leo.

Kwa asiyejua, kila timu ina wachezaji saba, na uwanja umegawanywa sehemu tatu. Ukiudaka mpira hutembei nao. Unautoa upesi, na huruhusiwi kuurusha ukavuka sehemu nzima bila mtu kuugusa. Ukivuka, filimbi. Anayeuanzisha ni senta, anayesimama kwenye kiduara cha katikati na herufi yake kifuani. Senta hafungi. Hata kwenye nusu duara la wafungaji haruhusiwi kuingia. Lakini timu nzima inamtazama yeye, na siku akiamka vibaya, wote wameamka vibaya.

Vifaa hatukuwa navyo. Nguzo tulikata mikaratusi. Pete alitukunjia fundi wa baiskeli kwa ile mikanda ya chuma inayofungia marobota ya pamba. Mistari tulichora kwa majivu, na ng'ombe wakipita tunachora tena, tukiwatukana wenyewe na mchungaji wao.

Baadaye nilihamishiwa Bunda, chini ya Katibu Tarafa mmoja mpole aliyeiogopa pikipiki yake mwenyewe. Ndiko nilikomkuta Perusi. Alikuwa kibarua kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, kazi yake kutenga: pamba safi huku, fifi kule, ile chafu ya daraja la pili. Mrefu, mabega mapana, mkono wa kushoto. Mpira aliutoa begani, ukaenda mbali mpaka ukingoni kabisa mwa sehemu inayoruhusiwa, ukashukia mikononi mwa mwenzake. Alimtazama waziwazi yule anayempa, na bado huwezi kumzuia! Kabla yake tulikuwa na Nyamisi, binti wa wavuvi wa Majita, mfupi, mwepesi, aliyeudundisha mpira chini ya mikono ya watu. Nyamisi tulimpenda sana. Perusi alikuwa jambo lingine. Wakulima walioleta pamba waliacha foleni ya mizani wakaja kusimama uwanjani wakiita, "Perusiii! Perusiii!" Katibu Tarafa aliwafukuza, halafu akabaki mwenyewe kuangalia.

Perusi aliolewa Butiama, na goti likamharibikia huko huko. Nami sikukaa sana, nikapelekwa Butiama wakati wa vijiji vya ujamaa. Asubuhi tulilima shamba la kijiji pamoja, mchana kisomo, jioni mpira. Perusi hakuweza kucheza tena, lakini alikuja na kigoda chake kila jioni, akakaa kwenye mstari, akatutukana wote kwa zamu. Tulikuwa marafiki. Nikipika kitu kizuri alijua kabla sijaepua.

Nilipopanda cheo nikarudishwa Musoma, ofisi ya mkoa, nisimamie netiboli ya mkoa wote. Bosi wangu alikuwa Afisa Utamaduni wa Mkoa, mtu nadhifu, kalamu mbili mfukoni, na hotuba haimwishi. Alikuwa na utaratibu wake wa kuchagua timu ya mashindano ya mikoa. Aliwaita wachezaji wa zamani, akawakalisha pembeni, na kila msichana akicheza aliwauliza, "Ndugu zangu, huyu ni nani?" Maana yake, anafanana na nani aliyewahi kutuchezea. Wakijibu kwa sauti moja, msichana amepita. Wakinyamaza, anarudi kwao.

Msimcheke. Sisi watu wa huku hata watoto tunawapokea hivyo. Mtoto akizaliwa, wazee wanamwangalia masikio, wanamwangalia vidole, wanasema huyu ni bibi fulani amerudi, na jina la huyo marehemu ndilo jina lake. Kwa hiyo swali la Afisa Utamaduni halikumshangaza mtu. Na mara nyingi lilitupa timu nzuri.

Mwaka mmoja aliletwa Wegesa. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili kwenye chuo cha ualimu, mtoto wa wafugaji wa upande wa Bunda. Mrefu, mabega mapana, mkono wa kushoto! Alipoingia tu uwanjani wale wa zamani waliruka. "Perusi! Perusi mtupu!" Hata mpira hajaugusa. Afisa Utamaduni alifurahi mpaka akanishika mkono.

"Bibi Maendeleo, umeona? Tumempata tena."

Lakini Mkuu wa Chuo hakufurahi kumtoa mwanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Alisema mbele yangu na mbele ya binti mwenyewe, "Akichaguliwa, amekwenda kulitumikia taifa, hilo silipingi. Asipochaguliwa, ni mtoro kama watoro wengine, na mwaka anaurudia." Wegesa aliitikia, "Ndiyo, mwalimu," kwa sauti ndogo. Nilimhurumia.

Tukaingia kambini, kwenye shule moja pale Musoma, kando ya ziwa. Ndugu zangu, yule mtoto hakucheza. Kila mtu alimwita Perusi, wapishi, wenzake, mpaka dereva wa ofisi. Afisa Utamaduni alikuja kila jioni na kumwambia, "Bega, Perusi, bega! Mbali!" Naye anarusha mbali. Mpira unavuka sehemu nzima, filimbi. Anarusha tena, unatoka nje, tunaufuata ziwani. Nilimwambia apunguze nguvu. Akapunguza, ukadakwa na wapinzani. Usiku hakula. Nikajua huyu anakwenda kurudia mwaka, na hakuna kosa alilofanya.

Siku ya kutangaza timu tulicheza mechi ya majaribio na wanawake wa jineri kutoka Bunda. Watu walijaa. Mkuu wa Chuo alikuja na baiskeli yake, akasimama nayo hapo hapo, hakuiegesha. Safari hii Perusi mwenyewe alikuwepo. Nilimwagizia lori la pamba limpitie, maana nilitaka macho yake. Alifika goti limefungwa kitambaa, akakaa pamoja na wale wa zamani, akaanza kula muhogo wake.

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu. Wegesa alirusha, filimbi. Akarusha, nje. Watu wakaanza. "Perusi, vipi!" "Perusi bure kabisa!" "Toa Perusi!" Nilimwangalia Perusi wangu. Ameacha kutafuna.

Mapumziko Wegesa alikuja kwangu analia, analia kweli, mabega yanaruka. Afisa Utamaduni alifika nyuma yake.

"Huyu siye," akasema. "Tulikosea. Sura ni ile, mkono ni ule, lakini siye. Mwondoe, Bibi Maendeleo, tuweke mwingine."

Kabla sijajibu, Perusi alikuwa ameshafika. Alitembea kwa goti lile bovu kuvuka uwanja mzima.

"Mimi nimekufa lini?" akauliza.

"Samahani, mama?" alisema Afisa Utamaduni.

"Nauliza nimekufa lini. Nimekaa pale nakula muhogo, nasikia naitwa bure kabisa. Nikigeuka, siyo mimi, ni mtoto wa watu. Nani aliwapa ruhusa kumpa mtoto jina la mtu anayepumua?"

"Ni heshima, mama. Tunakuenzi."

"Heshima gani? Wewe hukulelewa huku? Hata jina la marehemu linakataaga! Mtoto akipewa jina akalia, asubuhi analia, jioni analia, hanyonyi, si wakunga wanasema jina limemkataa? Wanamtoa hilo, wanajaribu lingine mpaka anyamaze. Ninyi mmempa langu, nami bado nalitumia. Halafu mnashangaa analia!"

Watu waliokuwa karibu walicheka. Wengine hawakucheka kabisa, hasa wazee, maana waliona amesema kweli. Mimi nilijisikia kama mtu aliyefungua dirisha chumbani. Miaka yote ile tulikuwa tunauliza swali moja tu.

Nikamshika Wegesa mashavu. "Mwanangu, niambie. Kwenu, kabla hatujakuchukua, mpira ulikuwa unaurushaje?"

Akafuta pua. "Mimi huwaga sirushi mbali, mama. Natoa hapa karibu, halafu nakimbia, wananirudishia. Natoa tena, nakimbia tena."

"Unachoka?"

"Sichoki. Nilikuwaga nachunga."

"Basi nenda kacheze hivyo hivyo."

"Bibi Maendeleo!" alisema Afisa Utamaduni. "Senta wa namna hiyo hajawahi kutoka mkoa huu!"

"Ndiyo," Perusi akamjibu, "hajawahi. Sasa ametoka."

Halafu akawageukia wale watu wote, akapiga kelele ile ya uwanjani Butiama ninayoijua mimi. "Anaitwa Wegesa! Atakayemwita lingine aje aniite mimi hapa usoni!"

Kipindi cha pili sitakisahau. Yule mtoto alitoa mpira hatua chache, akakimbia, akarudishiwa, akatoa, akakimbia. Alikuwa kila mahali. Wale wanawake wa jineri, watu wazima wenye nguvu zao, walibaki wanageuka geuka na kuulizana, "Yuko wapi?" Wafungaji wetu waliletewa mpira karibu kabisa, mkononi, kazi yao ikawa kuinua tu. Nilitafuta kichwani kama nimewahi kuona uchezaji ule. Siyo Nyamisi. Siyo Perusi. Sikuupata, na furaha niliyokuwa nayo, haki ya Mungu, sikuwahi kuipata kazini. Mechi ikaisha sare, na hakuna aliyejali.

Afisa Utamaduni alinivuta pembeni. "Sasa nitawaambia anafanana na nani?"

"Waambie anaitwa Wegesa, mzee. Basi."

Alihema, akaenda akasoma majina, na la Wegesa akalisoma la kwanza. Mkuu wa Chuo alipiga makofi mpaka baiskeli ikamwangukia. Alipoiokota akatangaza kwamba yeye alijua tangu mwanzo binti huyu ni wa taifa. Watu wakamkimbilia mtoto, wakambeba juu, uwanja mzima ukaita, "Wegesaaa! Wegesaaa!"

Nikamtafuta Perusi ili tufurahi wote. Nilimkuta amesimama peke yake karibu na nguzo ya goli, machozi yanamtoka wala hayafuti.

"Perusi! Goti?"

"Siyo goti." Alikuwa akiangalia kule watu walikombeba mtoto. "Unasikia wanavyoita? Walikuwa wananiita mimi vile."

"Lakini si wewe umewaambia?"

"Nimewaambia mimi. Ningewaambia tena hata kesho. Ila imeniuma, rafiki yangu. Imeniuma sana."

Nilimshika mkono tukaenda kulitafuta lori lake. Nilidhani nimemwelewa. Nilikuwa kijana bado, nina cheo, kila mlango ninaojua unafunguka. Ningemwelewaje?

Niliendelea na kazi miaka mingi baada ya hapo. Wegesa alimaliza chuo kwa wakati, akawa mwalimu, akatuchezea mpaka alipozaa mtoto wa pili. Swali la "huyu ni nani" tuliliacha. Badala yake nilimwuliza kila msichana, "Wewe unachezaje?" Wengi walishangaa kuulizwa. Vijana mnaosoma haya, kama mnafundisha kitu chochote, mwulizeni mtu hilo kwanza.

Siku niliyostaafu walinifanyia sherehe ofisini, soda na mbuzi. Wakamleta binti atakayeshika nafasi yangu, mwepesi, mwenye sauti, filimbi shingoni. Bosi mpya alimtambulisha vizuri: jina lake, chuo alichosoma, michezo anayoijua, mipango yake. Nilikaa pale mbele nimevaa kitenge kipya, nikisubiri. Nilisubiri mtu mmoja tu, hata mpishi wa yule mbuzi, aseme huyu ni Bibi Maendeleo mtupu. Hakuna aliyesema. Mimi mwenyewe niliwafundisha wasiseme. Wakapiga makofi, wakamzunguka yule binti, nami nikashika soda yangu.

Nilirudi nyumbani Bweri, pale pale Musoma, sina raha. Wiki ile ile nikapanda gari kwenda Butiama, nikamsimulia Perusi yote, jinsi nilivyosubiri na jinsi walivyonyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanicheka, na kweli alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akanivuta, akanikumbatia kwa yale mabega yake.

"Pole, rafiki yangu," akasema. "Sasa tuko wawili."