Mkono wa Chuma Siku ya Sabato

Kabla ya kuja kufundisha fizikia katika shule yetu ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi chini ya mteremko wa Manga, Elkana Angwenyi alikuwa mhandisi wa ndege. Alisomea kazi hiyo ng'ambo, akarudi mwaka 1965, akaajiriwa katika karakana moja jijini Nairobi, ambako alishinda akitafuta nyufa ndogo katika mabawa ya ndege. Baada ya miaka minne aliacha. Zamu za Jumamosi zilimshinda. Alikuwa Msabato, na kila wiki ilimbidi aombe ruhusa kama mtoto anayeomba kwenda msalani. Hakulisimulia jambo hilo kwa uchungu. Alilisimulia kama mtu anayeeleza umbali aliotembea.

Shule yetu haikuwa na karakana. Mwaka 1973 tulisikia kwamba wakaguzi wawili wangezizuru shule za wilaya, na ile ambayo ingeonyesha kazi bora ya ufundi ingejengewa karakana yenye vifaa. Angwenyi aliitaka karakana hiyo kuliko chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Kwa miezi minane aliunda mkono wa chuma: mota ya waipa, ile inayopangusa kioo cha mbele, kutoka kwa lori bovu lililoachwa Suneka, mnyororo wa baiskeli, betri ya gari. Mkono huo ulichukua nati moja moja kutoka sufuria hii na kuiweka katika ile, bila mtu kuugusa.

Kisha barua ikaja. Wakaguzi wangefika Jumamosi, na tarehe haikuweza kubadilishwa.

 Siku ya tatu Angwenyi aliunganisha saa ya kengele na swichi. Angeitegesha Ijumaa kabla ya jua kutua na Sabato kuanza. Kesho yake saa nne asubuhi saa ingeuwasha mkono, naye angekuwa kanisani.

Ijumaa alasiri Nyangau, mzee wa kanisa lake, alipita darasani kuutazama.

"Mwalimu, ng'ombe wangu hupumzika Sabato. Chuma chako kitapumzika lini?"

"Hakichoki, mzee."

"Na wewe?"

"Mimi nimechoka tangu Nairobi."

"Basi njoo kanisani ulale. Wenzako wote hulala wakati wa mahubiri."

Mzee alipoondoka, Angwenyi alinigeukia. Mimi nilifundisha historia, na ni Mkatoliki.

"Thadeus, kesho utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Kaa karibu na mkono."

Jumamosi saa nne, wakaguzi wakitazama, kengele ililia, mkono ukainuka. Ulihamisha nati sita. Kwenye ya saba, mnyororo ulichomoka kwenye meno ya gia, mota ikabaki ikinguruma bure. Mwendesha baiskeli yeyote wa Kiogoro angeurudisha kwa kidole kimoja. Nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka hapo. Nilijiambia kwamba leo Angwenyi mwenyewe hafanyi kazi, kwa hiyo mkono wangu usifanye kwa niaba yake. Hadi sasa sijui kama niliiheshimu imani yake, au niliona haya, mimi mwenye shahada, kulichafua shati jeupe kwa grisi mbele ya wageni.

"Mwenye mashine yuko wapi?" mkaguzi mmoja aliuliza kwa upole.

"Kanisani."

Waliandika, wakaondoka.

Jumapili asubuhi Angwenyi alikuja, akaurudisha mnyororo, akakifuta kidole chake kwa gazeti.

"Ulikuwa hapa mnyororo ulipochomoka?"

"Nilikuwa hapa."

"Mbona hukuurudisha?"

"Ilikuwa Sabato yako. Niliogopa kukuingiza dhambini."

Alilikunja gazeti, bila hasira.

"Haikuwa Sabato yako, Thadeus. Ndiyo sababu nilikuomba wewe."

Karakana ilijengwa katika shule nyingine. Angwenyi alifundisha nasi miaka sita zaidi, kisha akaenda kushughulikia chai yake Nyamira. Katika miaka hiyo wanafunzi walivijua vifaa kwa michoro ya chaki tu. Mara nyingi, nikipita dirishani, nilimsikia akiwaambia wanyooshe mikono na wafikirie kwamba wameshika spana.