Jani la Sikio

Tulihamia kambi ya chai upande wa Kericho mwaka ule wa nzige, tukitoka kando ya ziwa. Baridi ya huko ilimpata mdogo wangu kwenye sikio la kushoto. Alilia hadi sauti ikamkauka.

Kwetu ziwani mama alikuwa na jani lake, nene, lililojaa maji. Hulipasha kwenye jivu la moto, akalikamua kwa kidole gumba, matone yakaingia sikioni. Mimi mwenyewe nilitibiwa hivyo nikapona. Basi akazunguka kambi nzima akilitafuta, akalipata nyuma ya choo. Au alidhani amelipata. Jirani yetu Mkipsigis alipoliona alitikisa kichwa.

"Mama, hiyo si tawa ya sikio. Sisi nafungia kitonda tu."

Mama akacheka. "Watu wasiokula samaki ndio watanifundisha dawa?"

Akakamua. Kulipopambazuka usaha ulikuwa umelowesha shuka, na mtoto amelala fofofo. Tungetaka ushahidi gani tena? Wanawake wa kambi wakawa wanakuja kwa mama na watoto wao, naye akajivuna, Mungu amrehemu.

Tangu hapo mdogo wangu akawa na kiburi. Ndivyo tulivyosema. Akiitwa haitiki, na mama anamchapa kwa kukosa adabu. Shambani kwenye ukungu, wachumaji wakiitana wasipoteane, yeye aligeukia upande ambao hakukuwa na mtu. Nilichukia kumwona akigeuka vile. Bado namwona.

Siku moja dresa wa kambi, yule wa kufunga vidonda zahanati, alimchungulia sikio. Akasema ngozi ya ndani ilitoboka, na ikitoboka maumivu hukoma, uwe umetia jani au hukutia. Kama utomvu ule ndio uliolimaliza sikio, hakuweza kujua. Mama alipoambiwa alisonya tu.

Mama alipougua mara ya mwisho, mdogo wangu, sasa mwanamke mzima, ndiye aliyekaa naye kitandani, sikio la kushoto likimwelekea. Mama alimwita kwa sauti ndogo. Akamwita tena. Mdogo wangu anatazama mlango tu. Nikaona macho ya mama yanabadilika, na kidole gumba chake kinasugua shuka.

"Ni mimi nilimziba sikio?" akaniuliza.

Mdogo wangu aliona nimeshtuka, akageuka. "Mama anasema nini?"

"Anataka maji," nikamwambia.

Akainuka haraka kwenda kuyaleta.