Ghala la Mama Ndani ya Daka

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, si ya harusi yangu wala ya kupata kazi. Ni ile siku taa ndogo ya kisanduku cheusi, chenye ukubwa wa mkate wa boflo, ilipowaka kijani nyumbani kwetu Mkunazini. Nilipiga kigelegele peke yangu hadi jirani akauliza dirishani nani kajifungua. Nakusimulia kwa sababu juzi nimekusikia ukisema kompyuta yako imezeeka na unataka kuitupa. Kaa kwanza, unywe chai.

Kisanduku hicho tulikiita ghala. Kaka yangu Hamadi alikileta kutoka Dubai. Ndani mlikuwa na diski ya kuhifadhia mambo, nacho kiliungwa kwa waya na kifaa cha intaneti, na kompyuta yoyote ya mle nyumbani iliweza kufungua kilichomo. Hamadi alizichukua kanda zetu zote za video akazinakili humo. Alifanya jambo la maana, kwani baadaye kanda zenyewe ziliota ukungu kwa unyevu wa hizi nyumba zetu za mawe, tukazitupa. Katika kanda hizo ilikuwamo harusi ya dada yetu mkubwa, na katika harusi hiyo alikuwamo mama.

Mama alifariki mdogo wetu Rukia hajaanza hata chuo cha Kurani. Sura ya mama aliijua kwa picha, sauti hakuikumbuka. Tulimwita mara nyingi aje aitazame ile video, akakataa. Alisema anaiweka kwa siku yake ya harusi. Basi siku yake ikakaribia, na alichoomba kilikuwa kimoja tu: akishapambwa, wanawake wakiwa wamekusanyika, amsikie mama akisema. Hakuomba dhahabu wala ukumbi. Na wiki ile ile ya harusi ghala likazima.

Nikampigia Hamadi, ambaye wakati huo alikuwa anafanya kazi Maskati. Akacheka.

"Zuwena, hicho kishakuwa kizee. Hata waliokitengeneza hawakishughulikii tena. Kitupe, ntakuletea kingine."

Nikamwambia hicho kingine hakitakuwa na mama ndani. Kisha nikakata simu kwa hasira.

Njia ya karibu ilikuwa kukipeleka kwa fundi Darajani. Nilishakifunga kwenye mfuko, nimeshavaa buibui, ndipo mama mkubwa akasimama mlangoni. Huyu ni Bi Mwanakombo, dada yake mama, aliyetulea tangu msiba. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini mlango aliuziba wote.

"Hakitoki," akasema. "Mle mna wanawake wa watu, vichwa wazi, wanacheza ngoma ya ndani. Huyo fundi akikifungua ataona nini? Nnakuuliza, ataona nini?"

"Lakini mama mkubwa, mimi si fundi."

"Basi uwe."

Ndiyo hivyo, ilikwisha hapo. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua siku ya wanawake ni ya wanawake. Hata baba wa bibi harusi hapandi ngazi. Wale waliojiachia mbele ya kamera walijiachia kwa sababu walimwamini mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa mama. Tungewezaje kuimwaga amana yake kwenye meza ya dukani? Nilivua buibui, nikatafuta bisibisi. Kazi yangu siku hizo ilikuwa kuchapa barua ofisini, na kompyuta niliyoijua ni ya kuandika na kuchapisha, basi.

Nikaitoa diski, nikaiunga na kompyuta yangu kwa waya wa kuazima. Kompyuta ikafikiri, kisha ikaandika kwamba diski hii haisomeki, je, nataka kuifomati? Maana yake ni kuifuta yote na kuianza upya. Nilikuwa nimechoka, nimechanganyikiwa, na neno "upya" lilinivutia kama dawa. Kidole kikawa juu ya kitufe. Mama mkubwa alikuwa nyuma yangu na miwani yake.

"Inasemaje?"

"Inasema haiwezi kusoma. Inataka ruhusa isafishe."

"Isafishe nini, na haijui mna nini? Mtu hajui kusoma, wewe wampa barua ya mamako aichane! Toa mkono hapo!"

Nikautoa. Mama mkubwa angekuwa jikoni anakuna nazi dakika ile, tungempoteza mama mara ya pili, na mimi ndiye ningekuwa nimemzika.

Nikaanza kusoma, maana sasa nilikuwa nimepata woga wenye manufaa. Nilitafuta kwenye intaneti, nikasoma mambo ambayo nusu yake sikuyaelewa, nikayasoma tena. Ndipo nikagundua kwamba visanduku vingi vya aina ile huendeshwa na Linux. Hii ni programu ya kuendeshea kompyuta, ni ya bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua aone ilivyo na kuirekebisha. Diski yetu iliandikwa kwa mtindo huo, na kompyuta yangu haikuwa imefundishwa kuusoma. Diski haikuwa na ugonjwa wowote! Nilicheka peke yangu kwa furaha na kwa hasira.

Nikaiweka Linux kwenye flashi, nikaiwasha kompyuta kutokea humo, nikaiunga diski tena. Safari hii haikuniuliza chochote. Ilifunguka tu, na mbele yangu kukawa na folda la Hamadi, limeandikwa "Harusi ya Dada". Nilitamani kulifungua palepale. Sikulifungua. Nilinakili kwanza kila kitu kwenye diski nyingine, nikaifunga kwenye kitambaa, nikampa mama mkubwa aiweke kabatini pamoja na dhahabu yake.

Ningeweza kuishia hapo, lakini ukaidi ulikuwa umenipanda. Nilitaka ghala lenyewe liamke, na Hamadi ajue. Nikalifungua lote, na hapo sebule nzima ikanukia udi.

Usishangae. Ghala lilikaa kwenye daka, pale ukutani tunapoweka vitu vya heshima, na kila Alhamisi alasiri chetezo kiliwekwa kwenye daka hilo hilo, nyumba ifukizwe kuupokea usiku wa Ijumaa. Juu ya ghala mama mkubwa alikuwa ameweka kitambaa cha kufuma, kizuri kweli, ili lisishike vumbi. Feni yake maskini ilikuwa inavuta moshi wa udi na kukosa pa kupumulia, hadi ikagandwa na utomvu wa kahawia, kisanduku kikazidiwa na joto, kikajizima.

"Kumbe tumekifukiza miaka yote kama bibi harusi!" Mama mkubwa alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaleta pamba na spiriti, tukalisafisha pamoja.

Nikairudisha diski, feni ikazunguka, lakini taa ikabaki nyekundu. Programu yake ya zamani ilikuwa imeharibika, na waliolitengeneza hawakuwa na nyingine ya kutupatia. Nikasema haidhuru, tutaliwekea Linux mpya sisi wenyewe. Nilikosea, nikarudia, nikakosea mahali pengine. Mama mkubwa alikaa na tasbihi yake, kila mara akiuliza, "Bado?" na mimi nikijibu, "Bado." Halafu taa ikawaka kijani. Ndipo nilipopiga kile kigelegele nilichokutajia.

Siku ya Rukia, wanaume tuliwafukuza wakakae Forodhani wakila mishikaki yao. Juu wanawake walijaa hadi kwenye ngazi. Niliiunga televisheni, nikafungua folda, na wa kwanza kutokea alikuwa katikati ya duara, kanga kiunoni, anakata nyonga bila huruma. Alikuwa Bi Mwanakombo mwenyewe.

"Ndo maana hakitoki!" akapiga kelele shangazi mmoja, na nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Mama mkubwa alijifunika uso, kisha akajifunua, akainuka akacheza tena.

Kisha akatokea mama. Alikuwa amekaa karibu na dada yetu, na kando yake kitoto kinalia kwa sababu hakikupakwa hina. Akakigeukia.

"Rukia! Njoo mwanangu, usilie. Leo ni ya dadako. Yako nayo itafika, na mimi ntakuwepo."

Rukia alikuwa amekaa na hina yake, na bila hata kufikiri akaitika, "Naam, mama."

Tulilia sote, mwanangu, na kilio kile kilikuwa cha ushindi. Ghala bado lipo dakani, halina kitambaa, na chetezo kimehamia chumba kingine.

Sasa sikiliza ninachokuambia. Kitu kikikataliwa na waliokitengeneza, hilo ni lao, wewe kifungue kwanza ukione. Usibonyeze ndiyo kwa swali usilolielewa, hata ukiwa umechoka vipi. Kipenzi chako kisikae mahali pamoja tu, kiwe na nakala, na kabla ya kufurahi nakili. Na mambo ya ndani ya nyumba yako jifunze kuyashika kwa mikono yako, hasa nyinyi wasichana, ili siku ikikulazimu usihitaji kumfungulia mtu asiyehusika. Ukiona huwezi, mkumbuke mama mkubwa pale mlangoni: basi uwe.

Haya, nenda kailete hiyo kompyuta yako, tuifungue pamoja. Mwenyezi Mungu akupe mikono myepesi na moyo usiokata tamaa, akuhifadhie uwapendao na sauti zao, na siku sauti hizo zitakapokuita, akujaalie uwepo na wewe, uitike kama Rukia.